Barua ya Chuo Imefika: Piga Hesabu Kabla ya Kuitisha Harambee

Somo la elimu kwa wakazi: jinsi ya kulinganisha gharama na kuchagua shahada ya uzamili ya kujiandaa kwa udaktari Marekani

Mama mmoja alifika ofisini kwetu akiwa na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na barua iliyochapishwa saiba. Mwanawe, aliyesoma shule ya msingi hapa kwetu na sasa anaishi Marekani na wazazi wake wadogo, alikuwa amepata nafasi chuoni. Kamati ya harambee ilikuwa imekwisha kuundwa. Mnunuzi wa nusu ekari alikuwa amekwisha kupatikana. Mama alitaka tumsaidie kutangaza siku ya mchango.

"Kijana wangu ameingia udaktari," alituambia.

Tulisoma barua ile pamoja, sentensi baada ya sentensi. Haikusema hivyo. Ilisema kijana amekubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya sayansi za tiba, ya mwaka mmoja. Mwishoni, kwa maandishi madogo, ilieleza kwamba kukamilisha masomo hayo hakumhakikishii mwanafunzi nafasi katika shule ya udaktari.

Mama ametukubalia tusimulie habari yake bila jina. Hayuko peke yake. Familia nyingi zina mtoto, mpwa au mjukuu ng'ambo, na simu ya kuomba ada hupigwa huku nyumbani. Ndiyo sababu toleo hili lina somo hili. Chukua kalamu na karatasi.

1. Masomo haya ni nini, na si nini

Hapa Kenya mwanafunzi huingia udaktari moja kwa moja kutoka sekondari. Husoma shahada ya kwanza ya tiba na upasuaji, ambayo vyuo vyetu vingi huifundisha kwa miaka 6, kisha hufanya mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini kabla ya kusajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno Kenya, KMPDC.

Marekani utaratibu ni mwingine. Mwanafunzi husoma kwanza shahada ya kawaida ya miaka 4, hufanya mtihani uitwao MCAT, halafu huomba nafasi katika shule ya udaktari, ambayo ni miaka 4 mingine. Akimaliza hapo huingia mafunzo ya hospitalini ya miaka 3 au zaidi, lakini hayo hulipwa mshahara.

Ushindani ni mkali. Kila mwaka waombaji hupita 50,000, na nafasi katika shule zinazotoa shahada ya MD ni takriban 23,000. Wengi wanaokosa ni vijana wazuri ambao wastani wao wa alama, unaoitwa GPA na kupimwa hadi 4.0, ulikuwa chini kidogo. Kwa ajili yao vyuo vilianzisha shahada ya uzamili ya kujiandaa. Georgetown na Boston ni miongoni mwa vyuo vinavyojulikana kwa masomo ya aina hii. Katika baadhi ya vyuo mwanafunzi hufundishwa masomo yale yale ya mwaka wa kwanza wa udaktari, ili aonyeshe kwamba mzigo huo anaumudu.

Kwa hiyo shahada hii ni mwaka wa kujithibitisha. Haipunguzi hata mwaka mmoja wa shule ya udaktari, na haimsajili mtu kuwa daktari, Marekani wala Kenya. Mwanafunzi anayeimaliza bila kupata nafasi hubaki na cheti cha uzamili na deni.

2. Je, inamfaa huyu wetu?

Kabla ya kuuliza bei, uliza kama dawa hii ni ya ugonjwa huu. Kuna mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, tatizo lake ni nini hasa? Ikiwa alama za shahada ni nzuri lakini mtihani wa MCAT ndio uliomwangusha, uzamili hautarekebisha mtihani. Alama za MCAT huanzia 472 hadi 528. Ada ya kuurudia ni karibu dola 350, na miezi michache ya kujiandaa vizuri huenda ikamsaidia kuliko mwaka mzima wa darasa jipya.

Pili, alama mpya zitaandikwa wapi? Jambo hili familia nyingi hazilijui. Mfumo wa pamoja wa maombi ya shule za udaktari, AMCAS, huandika alama za shahada ya kwanza katika mstari mmoja na alama za uzamili katika mstari mwingine. Alama za uzamili haziinui wastani wa shahada ya kwanza.

Tuchukue mfano. Kijana ana yuniti 120 za shahada ya kwanza na wastani wa 3.0. Akisoma uzamili wa yuniti 30 na kupata 4.0 kamili, mstari wa kwanza utabaki 3.0 na mstari wa pili utasoma 4.0. Lakini akisoma yuniti hizo 30 kama masomo ya ziada ya ngazi ya shahada ya kwanza, zitajumlishwa na zile za awali. Hesabu ni hii: 120 mara 3.0 ni 360. 30 mara 4.0 ni 120; jumla 480 ukigawanya kwa yuniti 150, wastani mpya ni 3.2. Masomo ya ziada ya namna hii mara nyingi huweza kusomwa katika chuo cha umma kilicho karibu na nyumbani, polepole, huku mtu akifanya kazi.

Kila njia ina mahali pake. Mwenye wastani wa chini sana hufaidika na masomo ya ziada kwanza. Anayekaribia kiwango, na anayehitaji kuonyesha kwamba masomo ya udaktari hayatamshinda, ndiye uzamili ulitengenezwa kwa ajili yake.

Tatu, ana hadhi gani ya uhamiaji? Mwenye uraia au grini kadi huruhusiwa kuomba mikopo ya serikali ya Marekani. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, haruhusiwi. Tena, shule nyingi za udaktari Marekani hazipokei kabisa wanafunzi wa kigeni, na baadhi ya zinazowapokea hudai ada ya mwaka mmoja au hata ya miaka yote 4 iwekwe benki mapema. Shule nyingi pia hutaka masomo ya msingi ya sayansi yawe yamesomwa katika chuo cha Marekani au Kanada. Kijana aliyemaliza shahada yake hapa Kenya, asiye na grini kadi, anayetaka kwenda kusoma uzamili huu ili aingie udaktari wa huko, anatembea kuelekea mlango ambao kwa sehemu kubwa umefungwa. Ni heri aambiwe leo kuliko baada ya shamba kuuzwa.

3. Gharama kamili, si ada peke yake

Barua nyingi hutaja ada tu. Ada ya mwaka mmoja wa masomo haya kwa kawaida huwa kati ya dola 30,000 na 60,000. Lakini mtoto hali ada. Andika kila kitu. Huu hapa ni mfano wa kufanyia mazoezi. Tarakimu za chuo chako zitakuwa tofauti.

- Ada ya masomo: dola 45,000
- Bima ya afya na malipo madogomadogo ya chuo: dola 5,000
- Nyumba, chakula na usafiri: dola 22,000
- MCAT na vitabu vya kujiandaa: dola 2,000
- Maombi ya shule 20 za udaktari: dola 3,000
- Jumla: dola 77,000

Kwa dola moja kuwa shilingi 130, hiyo ni Ksh 10,010,000. Na usisahau kwamba dola hupanda. Mnamo Januari 2024 ilipita shilingi 160. Kwa kiwango hicho gharama hiyo hiyo ingekuwa Ksh 12,320,000. Anayechanga kwa shilingi na kulipa kwa dola aweke akiba ya tofauti hiyo.

Kuna gharama nyingine ambayo haimo katika barua yoyote, nayo ni mwaka wa kusubiri. Maombi ya shule za udaktari hufunguliwa karibu mwezi Mei au Juni kwa ajili ya kuanza masomo mwaka unaofuata. Mwanafunzi anayetaka alama zake zote za uzamili zionekane humaliza Mei, huomba Juni, na huingia darasani Agosti ya mwaka wa pili. Katikati kuna zaidi ya mwaka mzima wa kula na kulipa nyumba. Mwenye grini kadi anaweza kufanya kazi. Mwenye viza ya F-1 hubakiwa na siku 60 za kuondoka nchini baada ya masomo, isipokuwa ameomba ruhusa ya kufanya kazi inayohusiana na alichosomea.

Mikopo nayo imebadilika. Kwa sheria iliyopitishwa Marekani mwaka wa 2025, kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mkopaji mpya wa ngazi ya uzamili hawezi kukopa kutoka serikali ya huko zaidi ya dola 20,500 kwa mwaka. Mkopo wa zamani uliokuwa unafunika gharama yote iliyobaki umefungwa kwa wakopaji wapya. Rudi kwenye mfano wetu: 77,000 ukiondoa 20,500 hubaki dola 56,500, yaani Ksh 7,345,000. Pesa hizo zitatoka kwa mkopo wa benki binafsi, ambazo kwa kawaida hutaka mdhamini anayeishi huko, au zitatoka kwenu.

Na huo ni mwaka wa maandalizi tu. Shule ya udaktari yenyewe, ada na matumizi, mara nyingi hupita dola 60,000 kwa mwaka. Kwa miaka 4 hiyo ni zaidi ya dola 240,000, au zaidi ya Ksh milioni 31. Kwa mkopaji mpya wa udaktari, serikali ya huko sasa hukopesha hadi dola 50,000 kwa mwaka, na jumla isiyozidi dola 200,000. Familia inayomaliza nguvu zote katika mwaka wa maandalizi itakuwa na nini siku barua ya kweli ya udaktari itakapofika?

4. Asilimia iliyo kwenye brosha

Karibu kila chuo hutangaza kwamba asilimia kubwa ya wanafunzi wake huingia udaktari. Tarakimu hiyo inaweza kuwa ya kweli na bado ikakupotosha. Swali ni moja: asilimia ya nani?

Tuseme wanafunzi 100 walianza. 85 walimaliza. Kati yao chuo kilikubali kuwaandikia barua ya kuwaunga mkono 60, hao wakaomba, na 48 wakapata nafasi. Brosha itasema asilimia 80 walifaulu, kwa sababu 48 kati ya 60 ni asilimia 80. Lakini mtoto wako anaanza akiwa mmoja wa wale 100. Kwake yeye tarakimu ya kweli ni asilimia 48.

Uliza pia walioingia waliingia wapi. Vyuo vingine huhesabu pamoja udaktari wa meno, famasia na shule za visiwa vya Karibiani. Hizo zote ni taaluma na shule halali, lakini huenda sizo unazolipia.

Ukishapata tarakimu za kweli, unaweza kulinganisha vyuo viwili kwa haki. Chuo cha kwanza kinagharimu Ksh milioni 10, na kati ya wanaoanza 100, 50 huingia udaktari. Chuo cha pili kinagharimu Ksh milioni 7, na kati ya 100 ni 28 wanaoingia. Wengi watakimbilia cha pili. Sasa piga hesabu: katika chuo cha kwanza familia 100 hulipa milioni 1,000 na kupata nafasi 50, yaani milioni 20 kwa kila nafasi. Katika cha pili familia 100 hulipa milioni 700 na kupata nafasi 28, yaani milioni 25 kwa kila nafasi. Kile cha bei nafuu ndicho ghali.

Soma pia ahadi zilizoandikwa. Kuna vyuo vinavyoahidi mahojiano kwa kila anayefikia alama fulani, na vichache vinavyotoa nafasi yenye masharti katika shule yao ya udaktari. Ahadi kama hiyo ina thamani, mradi masharti yake yote yako kwenye karatasi. Neno la mdomo la wakala halihesabiki.

5. Usiache mbachao kwa msala upitao

Kwa kijana aliye hapa nyumbani na shahada ya sayansi mkononi, kuna njia ambayo mara nyingi hupuuzwa kwa sababu haina safari ya ndege. Vyuo kadhaa vya Kenya hupokea katika udaktari waombaji waliokwisha kupata shahada inayohusiana na sayansi za viumbe au afya, hasa wa daraja la pili la juu na kuendelea. Huomba moja kwa moja chuoni, na kwa kawaida hujilipia. Uzamili hautakiwi.

Ada ya mwanafunzi anayejilipia ni laki kadhaa kwa mwaka, na katika vyuo vingine hupita milioni moja. Tuchukue Ksh 600,000 kuwa mfano. Kwa miaka 6 ni Ksh 3,600,000. Ongeza matumizi ya Ksh 200,000 kila mwaka, ambayo ni Ksh 1,200,000. Jumla ni Ksh 4,800,000. Hiyo ni chini ya nusu ya mwaka mmoja wa maandalizi tuliouhesabu juu, na mwisho wake ni shahada ya udaktari yenyewe.

Si pesa kidogo, na miaka 6 si michache kwa mtu aliyekwisha kusoma minne. Lakini gharama yake hulipwa kidogo kidogo kila muhula, na kwa shilingi. Kabla ya kulipa, hakikisha chuo hicho kimo katika orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na KMPDC.

6. Maswali saba ya kuuliza kabla ya kulipa amana

Mwombe mwanafunzi ayatume kwa barua pepe, na majibu yaje kwa maandishi.

1. Kati ya wanafunzi walioanza miaka mitatu iliyopita, wangapi walimaliza, wangapi waliomba udaktari, na wangapi waliingia?
2. Waliingia shule zipi?
3. Je, kuna mahojiano ya hakika au nafasi yenye masharti? Masharti ni yapi?
4. Jumla ya gharama kwa mwaka, pamoja na bima na makazi, ni kiasi gani?
5. Ni msaada gani wa fedha unaotolewa na chuo chenyewe, usio mkopo?
6. Mwanafunzi akiacha masomo katikati ya muhula, anarudishiwa kiasi gani?
7. Asiyeingia udaktari hupata kazi gani kwa cheti hiki?

Chuo kisichotaka kujibu swali la kwanza kimekwisha kulijibu.

Zoezi

Chuo kimoja kina ada ya dola 32,000, malipo madogomadogo dola 4,000, matumizi dola 20,000, na mtihani na maombi dola 4,000. Mwanafunzi ana grini kadi na atakopa dola 20,500. Wanafunzi 80 walianza, 40 wakaomba udaktari, 30 wakaingia. Dola ni shilingi 130. (a) Gharama yote ni kiasi gani kwa shilingi? (b) Familia itatafuta kiasi gani? (c) Brosha itasema asilimia ngapi, na ya kweli ni ngapi? (d) Kila nafasi moja inagharimu kiasi gani?

Majibu: (a) Dola 60,000, yaani Ksh 7,800,000. (b) Dola 39,500, yaani Ksh 5,135,000. (c) Brosha itasema 75. Kwa anayeanza ni 37.5. (d) Ksh 7,800,000 ukizidisha kwa 80 na kugawanya kwa 30 ni Ksh 20,800,000.

Mama yule alirudi baada ya wiki tatu. Kijana ana grini kadi, kwa hiyo mlango haukuwa umefungwa. Aliuliza maswali na chuo kilijibu manne. Alipotazama alama zake vizuri aliona kwamba wastani wa shahada ya kwanza ndio uliokuwa ukimvuta chini, akaamua kusoma masomo ya ziada jioni katika chuo cha umma, akiendelea na kazi yake ya kuhudumia wagonjwa. Uzamili atauangalia tena baada ya mwaka, ikiwa bado utahitajika.

Mwenyekiti wa kamati hakufurahi, maana kadi za mwaliko zilikuwa zimekwisha kulipiwa. Mnunuzi wa nusu ekari alienda kutafuta kwingine. Mama alitucheka tulipomwomba pole kwa hayo. "Kadi ni karatasi, mwanangu," alisema. "Shamba bado liko, na kijana bado anasoma."

Mkazi ambaye ana barua ya chuo na angependa kuisoma pamoja na maafisa wa elimu wa kaunti anakaribishwa ofisini siku yoyote ya kazi. Aje na barua yenyewe, nakala ya alama za mwanafunzi, na karatasi ya hesabu kama tuliyoifanya hapa. Huduma hii haina malipo.